Sagwa ya Bi Haewon

Kitendawili, wajukuu zangu. Ndugu wawili wana jina moja: mmoja hutafunwa kwa raha, mwingine hutoka mdomoni kwa shida.

Mmeshajibu, nawasikia. Sagwa. Sagwa ni tufaha, na sagwa hiyohiyo ni kuomba radhi. Ndiyo maana mtu wa kwetu akimkosea mwenzake humpelekea tunda, wakacheka wote wawili, ulimi ukapumzika.

Utani huo ndio ulionitia kitanzini.

Kwa aliyekosa wiki iliyopita, sogea nikuchotee kidogo. Bi Haewon ni yule afisa wa ofisi ya tarafa anayeshughulikia kibali cha machimbo ya mawe juu ya kijito chetu, kijito tunachokunywa. Nilimpelekea mafuta ya ufuta niliyoyakamua mwenyewe, kwenye chupa ya kijani ya pombe, akanirudishia kwa mikono miwili. "Sheria, Bibi." Nikanuna. Nikaenda jumba la kijiji nikasema mbele ya wanawake wote: "Mafuta ya ufuta ni madogo kwake. Yule anangoja kikubwa."

Kisha nikamwona siku ya mapumziko, mvua inanyesha, amepanda peke yake hadi kijitoni kuchota maji ya kupimwa, tope mpaka magotini. Haya ikanijaa. Nikachukua boksi la matufaha stoo kwa mwenyekiti, nikalisukuma kwa kigari changu hadi ofisini, nikasema kwa sauti kubwa (mimi sisikii vizuri, basi huwafikiria na wenzangu): "Pokea sagwa yangu, mwanangu, na yale ya nyuma tuyafunike!"

Akakataa. Nikalisukumia chini ya meza yake kwa mguu, nikatoka mbio. Na pale penye mashine ya kunakili alikuwa amesimama mwanamume mwenye koti la kahawia, anatabasamu peke yake.

Jumatatu nikamjua ni nani.

*

"Dada Okbun," alisema Mama Dusik, miwani kwenye ncha ya pua, gazeti limemfunika uso, "umetoka gazetini."

"Nimefanya nini?"

"Umekimbia."

Nikamnyang'anya. Sauti ya Bonde, ukurasa wa kwanza, maandishi makubwa hata mimi nikayaona bila miwani: BOKSI LA SAGWA LAINGIA OFISI YA TARAFA. Chini yake: "Tuyafunike," asema ajuza, kisha atimua mbio.

Ajuza! Na picha ni ya mgongo wangu na kigari. Wiki ileile nilikuwa nimetia nywele mawimbi saluni, hayakuonekana hata moja.

Sasa mnajua wenyewe. Kwetu ukitaja boksi la matufaha, hakuna anayemeza mate kwa hamu ya tunda. Wakubwa walishabebeana noti humo miaka mingi, zikipangwa vizuri hadi kifuniko kinafunga bila kelele. Boksi likipita mlango wa ofisi, watu huangalia uzito wake mkononi mwa mbebaji.

Wanawake wote walikuwa wamejilaza kwenye sakafu ya jumba la kijiji, inayopashwa joto kwa chini, karata zenye picha za maua katikati, televisheni inaunguruma. Huko kwenye televisheni mheshimiwa mmoja alikuwa ameinamisha kichwa mbele ya kamera, anaomba radhi kwa taifa.

"Mwizi!" alipiga kelele Mama Dusik. "Wafungwe wote! Funguo zitupwe mtoni!"

"Zitupwe baharini," akasaidia mwingine. "Mtoni zitaokotwa."

Kelele zilipotulia, Mama Dusik akajivuta kwa makalio mpaka ubavuni kwangu. Akaninong'oneza, na pumzi yake inanukia kitunguu saumu.

"Dada. Huyo afisa, kwa banda la ng'ombe atataka boksi zima au nusu?"

"Banda gani?"

"Langu. Limezidi mpaka kidogo tu. Nisemee basi, wewe umeshafungua njia."

"Mama Dusik, sasa hivi umesema wafungwe wote!"

"Hao ni wa kwenye televisheni," akanijibu, bila kupepesa jicho. "Sisi ni majirani."

Nikawaambia wote: ni matufaha. Matunda. Yale yenye mbegu. Wakatikisa vichwa kwa heshima, kama mnavyomtikisia mgonjwa anayesema kesho ataamka. Wakaniachia sehemu yenye joto zaidi ya sakafu, na mmoja akaniletea kiazi kitamu kilichomenywa. Maisha yangu yote sijawahi kumenyewa kiazi.

Hapo ndipo nilipoogopa.

Mchana kipaza sauti cha kijiji kikakohoa juu ya mlingoti. Kazi yake ni kutangaza gari la samaki na chanjo ya mbwa.

"Aa. Aa. Inasikika? Ni mimi mwenyekiti wenu, Maeng. Wanakijiji, kuna habari ya boksi. Mimi sijui boksi lolote. Sijaliona, sijaletewa, wala sijalificha. Gari la samaki litafika saa tisa."

Tukatazamana.

"Kwani nani amemuuliza?" akasema Mama Dusik.

Mimi nikachemka. Maeng ndiye aliyeniambia kwa simu niende stoo yake nichukue boksi. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu, ananiita shemeji, akila kwangu husaza mifupa tu. Leo gazeti limenigusa, yeye hajui boksi lolote!

Mwoga, nilijisemea. Sikujua bado anaogopa nini.

*

Jumanne nikasema, kidonda hutibiwa palipoumia. Nikavaa vizuri, nikaenda ofisi ya gazeti, ghorofani juu ya duka la kuku wa kukaanga. Yule wa koti la kahawia anaitwa Pyo. Akanipokea kwa adabu zote, akanivutia kiti, akanitengenezea kahawa kwenye kikombe cha karatasi, anaikoroga kwa pakiti tupu ya kahawa hiyohiyo.

"Hii nayo si rushwa?" nikamuuliza.

"Ni kahawa tu, Bibi."

"Na mafuta yangu ya ufuta yalikuwa mafuta tu."

Akacheka, akatoa kalamu. "Haya. Ulipeleka sagwa?"

"Nilipeleka sagwa."

"Kwa hiyo unakubali boksi ni lako."

"Sagwa ilikuwa yangu. Nilikosea, ndiyo maana nikapeleka."

"Ulikosea kupeleka."

"Sikukosea kupeleka! Nilikosea kwanza, kisha nikapeleka!"

"Sagwa ya nini sasa?"

"Ya sagwa!"

Kalamu ikasimama. Akakuna shingo. Nami nikahisi mdomo wangu unavyonivuta gizani, lakini mdomo wangu na mimi tumeishi pamoja siku nyingi, haunisikilizi.

"Mwandishi," nikamwambia, "umemchafua binti wa watu. Wamemwondoa mezani tangu jana. Andika ukweli."

"Bibi, mimi sikuanzisha jambo hili." Akasema kwa upole, wala hakuwa anajitetea. "Nilikwenda kijijini kwenu wiki mbili kabla, habari ya machimbo. Kila niliyemuuliza kuhusu Bi Haewon alinipa jibu moja. Mwenye duka, dereva, hata yule anayekata nyasi. Wote waliniambia, 'Yule anangoja kikubwa.' Nikajua nikikaa karibu na meza yake nitakiona hicho kikubwa kikifika. Na ukafika wewe."

Nikaweka kikombe chini.

Neno lile nililijua. Nililitotoa mwenyewe kwenye sakafu ya joto, nimenuna, likiwa kifaranga. Likatoka kutembea. Sasa limenirudia na pembe.

Kama ningekuwa na akili ningesema pale pale: ni mimi, mwandishi, neno hilo ni langu. Lakini wajukuu zangu, aibu ina mikono, hukuziba mdomo wakati wa kusema na kuuachia wakati wa kunyamaza. Nikasimama, nikapiga meza.

"Basi na nyie gazeti mlete sagwa! Tena kubwa! Mbele ya watu wote!"

Akaandika.

Jumatano likatoka: AJUZA WA BOKSI ATAKA GAZETI NALO LIMLETEE SAGWA. "Tena kubwa," asema.

Mama Dusik alisoma mara mbili, akalikunja gazeti polepole, kwa heshima kabisa.

"Dada," akasema, "mpaka waandishi? Wewe huogopi kitu."

*

Alhamisi asubuhi nikamkuta Haewon nje ya ofisi ya tarafa, amekaa kwenye ukingo wa maua, kadi yake ya kazi haipo shingoni. Nilitaka kupita upande wa pili. Kigari changu kina gurudumu linalolia.

"Bibi Okbun," akaita bila kugeuka, "gurudumu lako linakusema."

Nikaenda nikakaa karibu naye. Nikasubiri anitukane. Akanimenyea chungwa.

"Tena hili unaweza kula," akasema. "Mimi kwako sina faili."

"Mwanangu, nimekuharibia."

"Bado. Siku ileile ulipokimbia nililipeleka boksi kwa wakaguzi wa wilaya, sikufungua hata kitambaa. Sheria inataka hivyo. Limefungwa kwa utepe wa ofisi. Kesho mkaguzi Tak atakuja kulifungulia kwenu, mbele ya jumba la kijiji. Amepigiwa simu nyingi sana, anasema bora kila mtu aone kwa macho yake."

"Na wakishaona?"

"Wakiona matufaha, narudi mezani Jumatatu, na kibali kile kinabaki mikononi mwangu. Majibu ya maji ya kijito yamefika, Bibi. Ningependa kuyaandika mwenyewe." Akakung'uta maganda ya chungwa. "Wakiona kitu kingine, faili atapewa mwenzangu. Ni mtu mzuri. Ila hapendi kupanda mlima."

Nikaelewa. Mtu asiyepanda mlima atatia sahihi akiwa amekaa.

"Ni matufaha tu," nikamwambia. "Ya Maeng, yale mekundu ya daraja la kwanza."

"Najua." Akatabasamu mara ya kwanza. "Sagwa yako niliielewa ulipofungua tu mdomo. Ungeileta mikono mitupu ningeipokea. Sheria haijakataza maneno."

"Basi ipokee sasa."

"Kesho, Bibi. Boksi likishafunguka. Njoo usimame karibu yangu."

Nilirudi nyumbani gurudumu linaimba. Nikapitia bustani ya Maeng kumtoa wasiwasi, maana hata mwoga ana haki ya kulala. Nikamkuta juu ya ngazi, anapogoa matawi.

"Shuka, mwenyekiti! Mambo yamekwisha. Kesho boksi linafunguliwa mbele ya jumba, wataona matufaha yako, hata utapata wateja."

"Matufaha yangu?" Akashuka ngazi moja. "Shemeji, lile boksi la gazetini ulilitoa kwangu?"

"Si uliniambia mwenyewe nichukue stoo?"

"Nilikuambia lile la mlangoni! Nami juzi nilipita nikaona la mlangoni lipo, nikajua hukuja, umenunua kwingine."

"La mlangoni halikuvishwa kitu, kadibodi tu na vumbi. Naenda kuomba radhi na boksi lililo uchi? Nikachukua lile la nyuma, lililovishwa kitambaa cha waridi, fundo kama ua. Nikasema hili limevaa vizuri."

Mkasi wa kupogolea ukaanguka majanini.

Maeng akashuka ngazi zilizobaki kwa makalio. Alipofika chini hakusimama. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya unga wa mchele.

"Shemeji," akasema, "lile halikuwa la kwangu."

"La nani basi?"

Akaangalia juu, kule mlimani, yanakotakiwa kuchimbwa mawe.

"Mwenye machimbo aliniletea. Alisema ni zawadi ya sikukuu. Kibali kinahitaji na sahihi ya mwenyekiti wa kijiji, unajua. Mimi sikulifungua! Naapa, shemeji. Kila siku nilisema nitalirudisha, kila siku nikasema kesho. Nikalificha nyuma kule ambako hafiki mtu."

"Ulilificha boksi la matufaha kwenye stoo ya matufaha, kisha ukamwambia kikongwe asiyeona vizuri aende akachukue boksi?"

"Ningelificha wapi, kwenye mtungi wa kabichi ya kimchi?"

"Ndani mna nini?"

"Sikulifungua, nimekuambia."

"Maeng. Ulipolibeba."

Akafumba macho. "Halikugongana," akasema. "Matufaha ukiyabeba hugongana kidogo. Lile lilikaa kimya."

Nikakumbuka. Njia nzima ya kwenda tarafani, juu ya mashimo na matuta, kigari kikilia na boksi halijasema neno. Nikadhani ni adabu.

Tukakaa majanini wazee wawili.

Kisha Maeng akanishika mkono wa nguo. "Shemeji, nisikilize. Likifunguliwa, wewe ndiwe uliyelipeleka. Wewe umri umekwenda, hawawezi kukufunga. Watakuonya tu. Mimi nina mkopo wa bustani, nina mke, nina..."

"Na Haewon ana nini?"

Akaokota mkasi, akaufuta majani.

"Sikiliza na wewe," nikamwambia. "Nimekujua tangu ukiiba matikiti kwenye shamba la mume wangu, na marehemu alijua, na alikuwa anakuachia makubwa karibu na ua. Sitakuuza kwa mkaguzi kabla hujapata nafasi ya kujiuza mwenyewe. Kesho, mkaguzi akitoa kisu, uwe umesema. Akitoa kisu na wewe kimya, nitasema mimi."

"Hawatakuamini. Gazeti limeshakufanya mla rushwa."

Hapo alisema kweli, na ndiyo iliyoniuma.

*

Ijumaa. Wajukuu zangu, hata mazishi ya mzee tajiri hayakujaza uwanja ule namna ile. Waliletewa viti vya plastiki. Gari la samaki lilifika bila kutangazwa, likauza. Mama Dusik alikuja na mwavuli wa jua na begi tupu, nikamuuliza begi la nini, akasema huwezi kujua.

Pyo alikuwapo, koti lilelile la kahawia, kamera shingoni. Haewon alisimama pembeni ya meza, mikono mbele. Aliponiona alinipa nafasi ubavuni kwake, kama tulivyoagana.

Maeng hakuwapo.

Nikatazama nyuma ya watu, kwenye ukuta, kwenye kivuli cha jumba. Hayupo.

Boksi lilikuwa mezani na kitambaa chake cha waridi, na juu yake utepe wa wilaya. Kwenye jua lilipendeza kabisa. Lilifanana na bibi harusi aliyeletwa nyumba isiyo yake.

Mkaguzi Tak ni mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Akaeleza kwamba boksi lilifikishwa kwao na Bi Haewon siku ileile lilipoletwa, kwamba halijafunguliwa, kwamba kila mmoja ataona. Akaingiza mkono mfukoni.

Akatoa kisu.

Nikahesabu pumzi zangu. Nikatazama njia ya bustani. Hakuna mtu. Hata mbwa.

"Kabla sijakata," akasema Tak, "Bibi Okbun, wewe ndiye uliyelileta. Sema mbele ya watu, ndani mna nini?"

Kule kwenye gari muuza samaki alikuwa anakaanga, nikasikia mafuta yanachemka.

Nikamtazama Haewon. Alikuwa anatabasamu, mtoto wa watu, anasubiri niseme matufaha.

"Mheshimiwa," nikasema, "kwanza niseme kilichotoka humu." Nikagusa mdomo wangu. "Maneno ya kwamba huyu binti anangoja kikubwa, mnayajua wote. Mmeyasema dukani, mmemwambia mwandishi, na mwandishi ameyafuata mpaka mezani kwake. Hayana baba wala babu. Niliyazaa mimi, kwenye sakafu ya jumba hili, kwa sababu alinirudishia chupa ya mafuta ya ufuta. Huo ndio ushahidi wote uliokuwapo. Chupa."

Mtu mmoja akacheka, akajikatiza. Pyo alishusha kamera. Wanawake wangu wa karata wakaanza kutazama viatu vyao, maana kila mmoja alikuwa amemlisha kifaranga yule kwa mkono wake.

Haewon alinigeukia. Macho yalikuwa yamemjaa maji, sikujua ni ya kunisamehe au ya kunikasirikia, na sikupata muda wa kuuliza.

"Nimesikia, Bibi," akasema Tak, kwa upole. "Lakini nimeuliza boksi."

"Boksi, mheshimiwa..."

Hapo kipaza sauti kikakohoa juu ya mlingoti.

Watu wote wakainua vichwa.

"Aa," ikasema sauti ya Maeng. "Aa. Inasikika? Wanakijiji... ni mimi mwenyekiti wenu. Mkaguzi, tafadhali, usikate bado. Nina... nina sagwa ya kuwapa."

Mama Dusik akanipiga kiwiko. "Dada! Na huyu naye ana boksi?"

"Nyamaza!"

"Ni sagwa," ikaendelea sauti juu yetu, "ambayo nilitakiwa kuileta zamani. Lile lenye kitambaa cha waridi..."

Kikasikika kishindo, kama kiti kimeanguka. Kisha sauti nyingine, ya kike, kali, karibu kabisa na kipaza. Sote tuliijua, maana ndiyo inayomwita Maeng kwenda kula kila siku mpaka ng'ambo ya kijito.

"Wewe mzee wewe, zima! Zima hicho kidude, unataka tukale wapi?"

Kikakwaruza. Kikanyamaza.

Uwanja mzima ulibaki umeukodolea macho mlingoti. Muuza samaki alisahau kugeuza, moshi ukaanza kutupitia.

Mkaguzi Tak akashusha macho taratibu, kutoka kwenye kipaza hadi kwenye kitambaa cha waridi, kutoka kwenye kitambaa hadi kwangu. Kisu kilikuwa bado kimegusa utepe.

"Bibi," akaniuliza, "mwenyekiti wenu amesema sagwa. Sagwa ipi?"